Kriptokoko: kwa nini wagonjwa wa SIDA Lubumbashi bado wanauawa na kichwa kinachouma

LUBUMBASHI – Inaanza na kichwa. Si kile kinachouma siku moja kisha kidonge cha paracetamol kinakituliza. Ni kichwa kinachouma juma la kwanza, juma la pili, hata la tatu, kikizidi mtu anapolala chali ao anapokohoa. Homa inakuja na kuondoka. Chakula hakipiti.

Njia ya mgonjwa huyo inajulikana katika komini zote za mji, iwe Katuba, Kenya, Ruashi ao Annexe. Kwanza ni famasi ya barabarani. Kisha ni kituo cha afya cha mtaa, ambako anapimwa malaria na tifoidi na kuandikiwa dawa za magonjwa hayo mawili. Kichwa hakiponi. Jamaa inaanza kusemezana: huyu anasema ni presha, yule anasema ni ulozi, mwingine anampeleka kwenye chumba cha maombi. Siku anapoanza kutapika hovyo, kuona watu wawili mahali alipo mmoja, kusema maneno yasiyoeleweka ao kuanguka kama mwenye kifafa, ndipo gari linatafutwa ili afikishwe hospitali kubwa. Mara nyingi amechelewa.

Katika wagonjwa wa namna hiyo wapo wenye malaria ya kweli, na wapo wenye kifua kikuu kilichopanda kwenye ubongo. Lakini mgonjwa akiwa anaishi na VIH, hasa kama aliacha dawa ao hajawahi kuzianza, kuna jina moja ambalo kila muuguzi na kila jamaa wangepaswa kulifikiria mapema: kriptokoko, kuvu inayoshambulia ubongo na kuleta meninjiti.

Ni ugonjwa unaotibika. Ni ugonjwa unaoweza pia kuonekana majuma kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Ndiyo sababu inafaa kusema wazi: mgonjwa anayefia kwenye kitanda cha hospitali kubwa, mara nyingi nafasi yake ya kupona ilipotea kabla ya hapo, siku ile aliporudi kwenye kituo cha afya akiwa amekonda, na hakuna aliyempima kinga ya mwili.

Kuvu inayotoka kwenye udongo

Jina lake kamili ni Cryptococcus neoformans. Ni kuvu ndogo sana, ya jamaa moja na hamira, isiyoonekana kwa macho. Inakaa kwenye udongo, zaidi pale penye mavi ya ndege, na njiwa hasa. Upepo unapoinua vumbi, mtu anaivuta kwa pua bila kujua. Wakaaji wengi wa mji wamekwisha kuivuta katika maisha yao, na hawakuugua.

Kwa mtu mwenye kinga nzuri, mwili unaifungia kuvu hiyo ndani ya mapafu na mambo yanaishia hapo. Inaweza kulala kimya miaka mingi. Shida inaanza kinga inapoanguka. VIH inaua chembe za damu zinazoitwa CD4, ambazo ndizo zinazoongoza ulinzi wa mwili. Mtu mzima mwenye afya ana CD4 zaidi ya 500 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, OMS, ni kusema Shirika la Afya Ulimwenguni, inamhesabu mgonjwa kuwa na SIDA iliyokomaa. Zikishuka chini ya 100, kuvu iliyokuwa imelala inapata njia: inatoka mapafuni, inaingia katika damu na kupanda kwenye ubongo.

Ugonjwa huu hautoki kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kulala chumba kimoja na mgonjwa, kumlisha ao kumwogesha hakuleti hatari yoyote. Hilo lasemwa kwa sababu kuna jamaa zinazomtenga mgonjwa zikiogopa kwamba kila meninjiti inaambukiza. Pia si lazima mtu awe na VIH ili aupate: wanaotumia dawa za kotikoidi kwa muda mrefu, wenye saratani fulani na waliopandikizwa figo wako pia katika hatari. Lakini katika Afrika, wagonjwa walio wengi ni watu wanaoishi na VIH.

Inaharibu nini ndani ya kichwa

Kuvu hii ina gamba nene kama utelezi. Inapozaana ndani ya maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, gamba hilo linaziba vijia ambavyo maji hayo hupitia kurudi kwenye damu. Maji yanaendelea kutengenezwa, lakini hayana pa kutokea. Presha ndani ya fuvu inapanda. Ndiyo maana kichwa kinauma namna ile, ndiyo maana mgonjwa anatapika, na ndiyo maana macho yanapatwa: mshipa unaounganisha jicho na ubongo unabanwa hadi mtu anaanza kuona ukungu, kisha giza.

Wanaopona hawaponi wote sawasawa. Kuna wanaobaki vipofu. Kuna wanaobaki viziwi. Wengine wanabaki na kifafa, ama wanakuwa wazito wa kukumbuka na kufikiri, hata kazi waliyoifanya miaka kumi inawashinda. Kwa dereva wa lori la shaba, kwa mama anayehesabu franka sokoni, kwa mwalimu, hasara ya namna hiyo ni mwisho wa mshahara wa nyumba nzima, hata kama mwenyewe yu hai.

Bila matibabu, meninjiti ya kriptokoko inaua karibu kila anayeipata. Kufuatana na hesabu ya watafiti iliyotolewa 2022 katika jarida la kitabibu la Lancet Infectious Diseases, kila mwaka watu karibu 152.000 wanaoishi na VIH wanapata ugonjwa huu duniani, na karibu 112.000 wanakufa. Ni karibu kifo 1 kati ya vifo 5 vya SIDA. Sehemu kubwa ya wagonjwa hao iko Afrika kusini ya Sahara. Mwaka huohuo, Oktoba 2022, OMS ilipotoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu hatari zaidi kwa wanadamu, Cryptococcus neoformans iliwekwa katika kundi la juu kabisa.

Kongo inaujua ugonjwa huu tangu zamani

Si ugonjwa mgeni kwetu. Visa vya kwanza vilivyoandikwa na waganga katika nchi hii ni vya miaka ya 1950, wakati wa Kongo ya Wabelgiji. Vilikuwa vichache, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini viliwapata watu wale.

Baadaye, katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, vikaanza kuongezeka. Mwaka 1983, madaktari wa Ubelgiji walieleza katika jarida la Lancet kisa cha mgonjwa kutoka Zaire aliyeugua kriptokoko tangu 1977, kabla dunia haijajua hata jina la SIDA. Mwishoni mwa mwaka huohuo, timu ya watafiti wa Ubelgiji na Marekani, akiwemo Peter Piot, ilifika Kinshasa na kufanya kazi na Daktari Kapita Bila katika hospitali ya Mama Yemo. Waliona vyumba vimejaa vijana, wanaume kwa wanawake, waliokonda na wenye magonjwa ambayo kwa kawaida hayapati watu wa umri wao. Kriptokoko ilikuwa moja ya alama zilizowafungua macho. Mwaka 1984 kukazaliwa Projet SIDA, utafiti mkubwa uliosaidia kuthibitisha kwamba SIDA inapita pia kati ya mwanaume na mwanamke.

Ni kusema, kuvu hii iliwahi kuwa mojawapo ya mashahidi wa kwanza wa SIDA katika nchi yetu. Zaidi ya miaka 40 imepita. Dawa za kupunguza nguvu za VIH zimefika, na mtu anayezimeza vizuri anaweza kuzeeka kama wengine. Je, kwa nini kriptokoko bado inaua?

Dawa zipo duniani, ila hazifiki kwa usawa

Jibu la kwanza liko kwenye dawa. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwa kati yake, dawa iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa flukonazoli. Ni vidonge, bei yake si kubwa, na famasi nyingi zinayo. Lakini flukonazoli peke yake haiui kuvu upesi, inaizuia tu isizaane. Katika tafiti mbalimbali za Afrika, zaidi ya nusu ya wagonjwa waliotibiwa kwa flukonazoli pekee walikufa kabla ya majuma kumi.

Dawa yenye nguvu ni amfoterisini B, inayopitishwa katika seromu. Ile ya zamani inapaswa kutolewa kila siku, na inachokoza figo, inashusha potasiamu na kupunguza damu. Hospitali inayoitumia inapaswa kuwa na maabara inayofanya kazi kila siku, siyo siku zile tu umeme wa SNEL unapokuwepo. Dawa ya tatu ni flusitosini, vidonge vilivyotengenezwa tangu miaka ya 1950. Haina hati ya umiliki tena, lakini viwanda vinavyoitengeneza ni vichache, na kwa muda mrefu nchi nyingi za Afrika hazikuiandikisha kabisa. Dawa ya zamani kuliko waganga wengi wanaoihitaji, na bado wengi wao hawajawahi kuishika mkononi.

Hapo ndipo habari njema ilipotokea, tena si mbali na sisi. Utafiti uliopewa jina la ACTA, uliotolewa 2018, ulifanywa Zambia, Malawi, Tanzania na Kamerun na wagonjwa 721. Mojawapo ya miji yake ni Lusaka, ambayo wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaifikia kwa basi. Utafiti ulionyesha kwamba juma moja tu la amfoterisini pamoja na flusitosini lilishusha vifo hadi karibu robo ya wagonjwa kwa majuma kumi. Ulionyesha pia kwamba mahali pasipo na amfoterisini, vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa pamoja vinaweza kuwa matibabu yanayofaa.

Kisha ukaja utafiti wa pili, AMBITION, uliotolewa Machi 2022. Ulifanywa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Wagonjwa walipewa seromu moja tu ya amfoterisini ya namna mpya, iliyofungwa ndani ya matone madogo ya mafuta ili isichome figo, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Baada ya majuma kumi, asilimia 24,8 ya wagonjwa walikuwa wamekufa, kulinganisha na asilimia 28,7 kwa matibabu ya juma zima la seromu, na madhara ya dawa yalikuwa machache zaidi. Mwezi uliofuata, OMS ikaagiza matibabu hayo ya seromu moja yawe ya kwanza kuchaguliwa.

Seromu moja. Kwa hospitali ya Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, hilo linabadili kila kitu: muuguzi haamki kila asubuhi kutafuta mshipa, na maabara haichoshwi kila siku.

Inabaki bei. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza kwamba kichupa kimoja cha miligramu 50 cha amfoterisini hiyo mpya kitauzwa dola 16,25 kwa nchi maskini na za kipato cha kati. Tufanye hesabu. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji miligramu 10 kwa kila kilo, ni kusema miligramu 600, ni kusema vichupa 12. Hiyo ni dola 195, bila kuhesabu usafiri, ushuru, flusitosini wala kitanda. Flusitosini nayo, kwa mgonjwa huyohuyo, ni vidonge 12 vya miligramu 500 kila siku, hivyo 168 kwa siku 14. Hakuna jamaa ya Kamalondo ao ya Kampemba inayopaswa kuambiwa iende kutafuta vitu hivyo mjini usiku na karatasi mkononi. Ni dawa za kununuliwa na mpango wa taifa kwa jumla, na kuwekwa ghalani kabla mgonjwa hajafika.

Na kuna onyo kwa wauguzi na kwa wale wanaojinunulia dawa wenyewe. Deksametazoni, ambayo wengi wanaikimbilia kila kichwa kinapouma ao mtu anapoishiwa nguvu, haifai hapa. Utafiti uliofanywa katika nchi za Asia pamoja na Uganda na Malawi ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata ulemavu na madhara zaidi kuliko wengine.

Sindano ya mgongo: woga unaoua

Jibu la pili liko ndani ya vichwa vyetu wenyewe. Ili kuthibitisha meninjiti, daktari anapaswa kuingiza sindano chini mgongoni na kutoa maji kidogo. Katika maabara, tone la wino mweusi wa China linawekwa kwenye maji hayo, na kuvu inaonekana katika darubini kama duara nyeupe gizani. Ni kipimo cha bei ndogo ambacho maabara nyingi zinaweza kukifanya, ijapokuwa kinakosa wagonjwa wenye kuvu chache.

Lakini katika jamaa nyingi sindano hiyo inaogopwa kuliko ugonjwa. Inasemwa kwamba anayetobolewa mgongo atapooza, ao kwamba hakuna anayerudi nyumbani baada yake. Ni kweli kwamba wengi wameonekana wakifa siku chache baada ya kutobolewa. Lakini waliletwa wakiwa katika hali ya kufa, na sindano ilikuja mwisho. Mtu akiona zimamoto kwenye kila nyumba inayoungua, hatasema ndiyo iliyowasha moto.

Tena kwa kriptokoko sindano hiyo si kipimo tu. Ni dawa. Kwa kuwa maji yamezibwa na presha imepanda, kuyapunguza kunamtuliza mgonjwa kichwa papo hapo na kulinda macho yake. Mara nyingi inabidi kurudia, hata kila siku kwa siku za kwanza. Watafiti walioangalia jambo hili Uganda na Afrika Kusini waliona kwamba wagonjwa waliopunguziwa maji tena baada ya kipimo cha kwanza walikufa kwa uchache kuliko wasiopunguziwa. Jamaa inayokataa sindano ya pili kwa kumhurumia mgonjwa, bila kujua inamnyima kilichoweza kumwokoa.

Jambo lingine linalowashangaza wengi: mgonjwa akigunduliwa na meninjiti ya kriptokoko, haanzishiwi dawa za VIH siku hiyohiyo. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, uliotolewa 2014, ulionyesha kwamba walioanzishwa mapema, katika juma la kwanza ao la pili, walikufa wengi zaidi kuliko waliongoja karibu majuma matano. Kinga inapoamka ghafla inapigana na kuvu ndani ya ubongo, na vita hiyo inavimbisha ubongo. Kwa hiyo daktari anayesema tungoje majuma manne hadi sita hamtupi mgonjwa, anamlinda.

Kipimo cha dakika kumi

Jibu la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu linaweza kuzuia mengine yote yasitokee. Kriptokoko inaacha alama katika damu karibu majuma matatu kabla dalili hazijatokea. Alama hiyo inaitwa antijeni, na kipimo chake, CrAg, ni kikaratasi kama kile cha malaria: tone la damu, dakika kumi, mistari miwili. Hakihitaji mashine kubwa. Bei yake ni dola chache.

Anayepaswa kupimwa ni kila mtu mwenye VIH ambaye CD4 zake ziko chini ya 100, na ikiwezekana chini ya 200. Katika watu wenye CD4 chini ya 100, duniani karibu 6 kwa 100 wanakutwa na alama hiyo. Akikutwa nayo bila kuwa na meninjiti, anapewa flukonazoli, ile ile ya bei ndogo, kwa miezi kadhaa, na kuvu inazuiwa kabla ya kufika kwenye ubongo. Utafiti wa REMSTART, uliofanywa Lusaka na Dar es Salaam na kutolewa 2015, uliunganisha kipimo hiki na kuwatembelea wagonjwa nyumbani katika majuma ya kwanza ya dawa. Vifo vilipungua kwa asilimia 28.

Lakini ili kujua nani apimwe CrAg, inabidi kwanza kumpima CD4. Na hapo ndipo mnyororo unapokatika. Tangu OMS ilipoagiza 2015 kwamba kila mwenye VIH aanzishwe dawa bila kungoja CD4 zishuke, jambo ambalo lilikuwa zuri, wafadhili wengi walipunguza pesa za kupima CD4. Ilifikiriwa kwamba kipimo hicho hakina kazi tena. Watu walisahau wale wanaokuja wakiwa wamekwisha kuchelewa, na wale wanaoanza dawa, wanaziacha, kisha wanarudi.

Katanga ina watu wengi wa namna hiyo, na sababu yake si uzembe tu. Mji huu unaishi kwa mwendo. Mchimbaji wa mkono anaondoka Lubumbashi kwenda Kolwezi kufuata madini, na fishi yake inabaki kwenye kituo cha kwanza. Dereva analala siku nyingi kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, na vidonge vinaisha barabarani. Mke anaficha dawa kwa kuogopa mume, mume anaficha kwa kuogopa mke. Pasta mwingine anatangaza kwamba umepona, na kopo linatupwa. Mwaka mmoja baadaye mtu anarudi akiwa na kilo 45. Kama siku hiyo anapewa tu kopo jipya la ARV na kuambiwa arudi mwezi ujao, kuvu inaweza kumshinda kabla mwezi haujaisha.

Mwaka wa pesa zilizokatwa

Mambo yamezidi kuwa magumu tangu 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo, rais wa Marekani Donald Trump alitia sahihi agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Baadaye ruhusa ilitolewa kwa sehemu ya huduma za VIH, lakini shirika la USAID, ambalo lililipa mashirika mengi yanayofanya kazi hapa, lilifungwa rasmi mwanzoni mwa Julai 2025. Kwetu hilo halikuwa jambo la mbali: PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na SIDA, ulikuwa umechagua katika Kongo nzima majimbo matatu tu, nayo ni Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Mahali palipoegemea zaidi nguzo hiyo ndipo panapotikisika zaidi inapoyumba.

Ndugu zetu wa Kivu nao wana njia nyingine ya kukosa dawa. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, watu waliokimbia hawakukimbia na fishi za hospitali. Mtu aliyekatiwa dawa na vita miezi mingi, leo yuko Uvira, Kalemie ao hapa Lubumbashi kwa jamaa yake, ndiye yule anayepaswa kupimwa CD4 siku ya kwanza anapofika kituoni, kabla ya kuulizwa kwa nini aliacha.

Pesa zinapopungua, kishawishi ni kulinda vile vinavyohesabiwa: idadi ya waliopimwa VIH, idadi ya makopo ya ARV yaliyotolewa. CD4, CrAg na flusitosini havionekani katika hesabu hizo, hivyo vinakatwa kwanza. Ni hesabu mbaya. Kumtibu mtu mmoja aliyekwisha kupata meninjiti kunagharimu, kwa bei ile ya 2018, dola 195 kwa dawa moja tu, na bado mmoja kati ya wanne atakufa hata akitibiwa vizuri kabisa. Kumgundua mapema kunagharimu kikaratasi cha dola chache na flukonazoli.

Kinachoweza kufanyika sasa

OMS na washirika wake waliweka lengo la kumaliza vifo vya kriptokoko kufikia 2030. Kwa Haut-Katanga, lengo hilo linategemea mambo matatu yasiyohitaji majengo mapya. La kwanza, kila kituo kinachotoa ARV kiwe na njia ya kupima CD4, hapohapo ao kwa kupeleka damu, kwa kila anayeanza na kila anayerudi. La pili, vikaratasi vya CrAg viwe pale pale penye CD4, ili mgonjwa asiambiwe arudi kesho. La tatu, wizara ya afya na PNLS, mpango wa kitaifa wa kupambana na SIDA, wanunue flusitosini na amfoterisini mpya na kuzifikisha hadi kusini, ili zisiishie Kinshasa, zaidi ya kilometa 1.500 kutoka hapa.

Na kuna sehemu ya kila nyumba. Kama unaishi na VIH na kichwa kinakuuma zaidi ya juma moja, usiridhike na dawa ya malaria. Sema wazi kwa muuguzi kwamba unaishi na VIH, na sema kama uliacha dawa. Sheria ya nchi hii tangu 2008 inakulinda usibaguliwe kwa hali hiyo. Uliza kuhusu CD4. Uliza kuhusu kriptokoko kwa jina lake. Daktari akiomba kutoa maji ya mgongo wa ndugu yako, mruhusu, na akiomba mara ya pili, mruhusu tena.

Na kama uliacha dawa miezi sita ao miaka miwili iliyopita na unaona haya kurudi, rudi ungali unatembea mwenyewe. Ukifika, usikubali kuondoka na kopo jipya tu. Omba kupimwa CD4 siku hiyohiyo.